Meza ya Kimo Changu

Kwa muda mrefu niliamini kwamba mwenye fedha kidogo hana cha kuchagua. Anachukua kilichobaki, anashukuru, anaendelea. Siku hizi sina hakika tena, na kilichonitia shaka ni kitu kidogo tu: meza ya kuandikia ya mbao za paini, iliyo chumbani kwetu kati ya kabati la nguo na dirisha.

Kazi yangu ni kutafsiri na kuhariri maandishi ya watu, na naifanyia nyumbani, Dar es Salaam. Kabla ya meza hii nilikuwa natumia meza ya chakula. Asubuhi natandaza karatasi, mchana nazikusanya ili wali uandaliwe, alasiri natandaza tena, na kila nikirudi naona sentensi niliyoiacha katikati imepoa. Kwetu mtu aliye nyumbani huonekana hana shughuli. Mgeni akibisha hodi hukaribishwa na yule aliyepo. Mtoto akitumwa dukani, chenji huja kuulizwa kwa yule aliyepo. Nikitazama nyuma naona kwamba nilichokitaka si mahali pa kuweka kompyuta tu. Nilitaka meza iniombee nafasi kwa watu wa nyumbani, iseme kwa niaba yangu kwamba hapa pana kazi. Hilo sikumwambia mtu, hata mimi mwenyewe nilichelewa kulitambua.

Nilianza na meza ya ndoto, kama wengi. Nilikuwa nimeona moja ikiuzwa Keko, hapa jijini, ya mninga, ina droo tatu upande wa kulia na uso uliong'aa kwa vanishi. Mninga ni mbao ya kuheshimiwa: ikikauka haisinyai sana, haipindi ovyo, na rangi yake ya hudhurungi haihitaji kupambwa. Lakini ni mti wa misitu ya miombo, unaokua taratibu kwa miongo mingi, na bei yake inaeleza hivyo. Mimi nilikuwa na laki moja na nusu, kila kitu ndani yake, pamoja na usafiri. Zipo pia meza za dukani za mbao za unga uliogandamizwa, nazo zinapendeza. Ila maji yakiingia kwenye ukingo hufura, na skrubu ikishang'oka mahali pake hairudi kushika kama mwanzo. Nikabaki na paini, mbao nyeupe ambayo kwa kiasi kikubwa hutoka Nyanda za Juu Kusini, kwenye mashamba ya miti kama Sao Hill kule Mufindi.

Fundi niliyemwendea ni mzee wa mtaani kwetu, ana kibanda cha mabati na benchi moja la kazi. Nilimpelekea picha ya ile meza ya ndoto kwenye simu. Aliitazama kidogo, akanirudishia, akauliza, "Unaikalia kwa kiti gani, mwanangu?" Nikamwambia kiti cha meza ya chakula. Akanituma nikakilete.

Nilipokileta, alikiweka kwenye sakafu ya saruji, akaniambia nikae kama ninavyokaa nikiandika, nyayo zote chini, mabega yasipande. Akashika futikamba, akaibana ncha moja kwa kidole chake kikubwa cha mguu, akaivuta mpaka chini ya kiwiko changu. Sentimita 67. Akaandika namba hiyo kwa penseli kwenye kipande cha ubao, akainuka. Meza nyingi za dukani zina kimo cha sentimita 75 hivi. Nilisimama pale nikiwaza miaka yote niliyoandika huku mabega yamepanda, nikidhani maumivu ya shingo ni sehemu ya kazi, kama vile macho kuchoka. Kipimo kile hakikuongeza hata shilingi kwenye bei. Meza iliyo fupi hailipiwi zaidi ya iliyo ndefu. Kinachotakiwa ni mtu wa kukutazama umekaa.

Droo ndiyo iliyoniuma kuiacha. Nilijaribu kubembeleza, walau moja ya kati. Mzee akanionyesha kwa kiganja: ukiweka droo chini ya uso ulio kwenye kimo hiki, mapaja yako yatagota. Ama meza ipande, ama droo itoke. Ikatoka, na fedha za reli na vishikio zikabaki mfukoni. Uvungu wa meza yangu uko wazi kabisa, na kalamu zinakaa kwenye kopo. Siwezi kusema kwamba ufinyu wa fedha ulikuwa na hekima. Huenda ilikuwa bahati tu kwamba nilichoshindwa kukilipia ndicho ambacho mwili wangu haukukihitaji. Lakini tangu hapo, nikinyimwa kitu, najiuliza kwanza kilikuwa cha nani, changu au cha picha.

Mbao tulikwenda kununua Buguruni Malapa. Ubao mmoja wa moja kwa nane wenye urefu wa futi 12, ukikatwa vipande vitatu, unatoa uso mzima: futi 4 kwa urefu, na upana usiofika inchi 24, kwa kuwa randa hula pande zote. Miguu ikatoka kwenye mbili kwa tatu. Kilichonishangaza ni jinsi alivyochagua. Aliinua ubao kupima uzito, akauangalia kwa jicho moja toka ncha hadi ncha kama umenyooka, kisha akaulaza shavuni. Wenye ubaridi aliurudisha, maana ubaridi ule ni maji. Hata aliouchukua hakuuamini. Alizipanga mbao kibandani kivulini, vipande vyembamba vya mbao vikitenganisha ubao na ubao ili upepo upite, akaniambia nirudi wiki za mbele. Nilitaka meza wikendi ile. Paini mbichi, alisema, ukiunga leo, kesho kutwa inajikunja na kuachia gundi.

Hata baada ya kukauka, mbao haitulii. Hupanuka na kusinyaa kwa upana, hasa hapa pwani ambako masika na kiangazi ni hewa mbili tofauti. Kwa urefu karibu haisogei. Ndiyo maana tundu za kushikizia uso kwenye fremu alizitoboa ndefu badala ya duara, ili skrubu ishike na bado mbao ipate pa kuchezea. Miguu aliiunga kwa ulimi na tundu la patasi, bila msumari hata mmoja. Nilikaa pembeni nikitazama patasi ikimega vipande vidogo, polepole, kwa kazi ambayo baadaye itafichika ndani ya kiungo na hakuna atakayeiona.

Hapo ndipo shaka yangu ilipo mpaka leo. Bei ya mbao ina sehemu yake, bei ya gundi na msasa na vanishi haipunguki, kwa hiyo nilipopatana na mzee, kilichopunguka kilikuwa hela ya ufundi. Tulipatana kwa heshima, akacheka, akakubali. Kupatana ni desturi yetu, na yeye pia hutaja bei akijua itashuka. Lakini mimi nami ni fundi wa maneno, nalipwa kwa ukurasa, na namjua vizuri mteja anayesema, "Kurasa hizi chache tu, dada, tusaidiane." Nilipomaliza kumlipa nilimwongezea kidogo. Sijui kama ilikuwa haki au ni njia ya kujituliza.

Nyumbani, meza haikuninenea kama nilivyotumaini. Hodi bado zinapigwa, na mtoto bado analeta chenji, sasa anaiweka juu ya meza. Ilibidi niseme kwa mdomo wangu, mezani tukila, kwamba tangu saa mbili hadi saa sita niko kazini hata kama nipo. Wamelisikia kwa kiasi. Mengine tunaendelea kuelewana.

Jirani yangu mmoja, mwalimu, ameiona na kuipenda, akaniuliza ilinigharimu kiasi gani. Nilimtajia bei ya mbao na vanishi. Hela ya ufundi sikuitaja. Nilimwambia aende na kiti chake, akamwone mzee, amsikilize kwanza anasemaje.