Bahari ya Mjomba

Kwetu Bujumbura samaki ni chakula. Tunawajua ndagala, mukeke na sangala, wote wa maji baridi ya Ziwa Tanganyika, na mahali pao ni kikaangoni. Ndiyo maana bibi alicheka hadi akatokwa na machozi siku mjomba alipoingiza nyumbani samaki wawili wadogo wa rangi ya machungwa, wenye mistari myeupe, akasema kwamba hao hawaliwi, wanatazamwa tu.

Mjomba alikuwa dereva wa lori. Kwa miaka mingi alikwenda Dar es Salaam na kurudi, na kila alipofika huko alitafuta nafasi ya kukaa ufukweni kabla ya kupakia mizigo. Ajali ilipomvunja mguu, safari zikaisha. Akanunua tangi la kioo la lita 120 kutoka kwa mgeni aliyekuwa akirejea kwao, pamoja na pampu, taa na makopo ya chumvi. "Kama siwezi tena kwenda baharini," alisema, "bahari itakuja kwangu." Samaki hao, pamoja na anemoni, mnyama wa baharini anayefanana na ua, walitoka pwani ya Kenya ndani ya mifuko ya maji na oksijeni.

Mimi nilidhani chumvi ni chumvi, hata hii ya Uvinza tunayoungia mboga. Mjomba akanielimisha. Maji ya bahari yana pia magnesiamu, kalsiamu na vitu vingine vingi, kwa hiyo chumvi ya jikoni peke yake haiwezi kuyatengeneza. Kila lita inahitaji takriban gramu 35 za chumvi maalumu. Tena maji hayo hayapendi kubadilika ghafla, kwa sababu bahari ni kubwa na hubadilika polepole.

Mwezi wa nane mjomba alirudi Dar es Salaam, safari hii kwa ajili ya kufanyiwa upasuaji wa mguu. Aliniachia daftari lenye maagizo machache: lisha kidogo, pima chumvi, joto lisizidi nyuzi 27.

Wiki ya pili ya Septemba, kiangazi kikiwa ukingoni, joto la mji lilipanda. Kipimajoto cha tangi kilisoma nyuzi 29, kesho yake 30. Umeme ulikuwa ukikatika jioni, na pampu ikinyamaza. Siku ya tatu nilikuta nyuzi 31. Samaki wote wawili walikuwa juu karibu na uso wa maji, mashavu yao yakipiga haraka haraka. Baadaye nilikuja kuelewa sababu: maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo, na wakati huohuo mwili wa samaki huhitaji oksijeni zaidi.

Sikumwuliza mtu. Nilikimbia kwa muuza vinywaji, nikanunua kilo nane hivi za barafu, nikaitumbukiza yote. Maji yalipotaka kufurika niliyachota na kuyamwaga. Haikupita saa moja, kipimajoto kikasoma 24. Nilijisifu moyoni.

Usiku ule mjomba alipiga simu.

"Samaki wanaendeleaje?"

"Wazima, mjomba."

Asubuhi anemoni ilikuwa imesinyaa kama puto lililotoboka. Nilipopima chumvi, ilikuwa imeshuka chini ya gramu 33. Nilikuwa nimemwaga maji ya chumvi na kuweka ya bomba mahali pake, na juu ya hayo nikamtoa mnyama yule kwenye joto na kumtia kwenye baridi kwa ghafla. Siku ya pili ilianza kuoza, maji yakawa na ukungu na harufu. Jioni samaki mmoja alikuwa amelala ubavu chini ya tangi. Mjomba akapiga tena. Nikajibu tena, "Wazima wote."

Bibi alikuwa mlangoni. Alisubiri nikate simu, kisha akasema, "Mjukuu wangu, unamdanganya mgonjwa? Mficha maradhi, kilio humfichua."

Nilipiga simu mwenyewe, nikasema yote. Mjomba alinyamaza muda mrefu. Nilidhani atanigombeza, lakini aliuliza swali moja tu: "Maji yana nyuzi ngapi sasa?"

Tulifanya kazi usiku huo, yeye akiwa kitandani kule, mimi nikiwa na ndoo huku. Nilitoa anemoni iliyokufa, nikabadilisha sehemu ya maji kwa maji mapya yaliyochanganywa chumvi sawasawa. Kesho yake niliondoa kifuniko nikaweka wavu, taa nikaizima saa za mchana, na feni ndogo nikaielekeza ipepee uso wa maji. Umeme ukikatika, nilielesha chupa ya maji yaliyoganda, imefungwa vizuri, moja kwa wakati mmoja, na pampu ndogo ya betri ikasukuma hewa.

Bibi alipoiona feni alisema, "Huo ni mtungi wangu." Alisema kweli. Mtungi wa udongo hutoa jasho, na jasho likikauka huondoka na joto, maji ya ndani yakabaki baridi. Feni ilifanya vivyo hivyo, ikashusha maji hadi nyuzi 27 na nusu bila kumshtua yeyote. Lakini maji yanayokauka huacha chumvi nyuma. Kwa hiyo nilichora mstari kwenye kioo, na kila asubuhi nikajazia hadi hapo maji yasiyo na chumvi, karibu lita mbili kwa siku.

Tangu hapo nimesoma kwamba mwaka 1998 bahari yenyewe ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya pwani ya Afrika Mashariki yakageuka meupe na kufa. Nilisoma habari hiyo nikikumbuka ile harufu ya tangi. Bahari kubwa haina wa kuipepea feni.

Nilichojifunza ni kwamba joto halikuua peke yake. Nyuzi 29 zilikuwa onyo, na nililipuuza siku mbili. Barafu ilikuwa haraka yangu, na neno "wazima" lilikuwa woga wangu. Kama ningesema ukweli usiku wa kwanza, pengine samaki yule angepona.

Mjomba alirudi mwezi wa kumi, akitembelea gongo. Aliketi mbele ya tangi, akamtazama samaki aliyebaki, kisha akagusa mstari wangu kwenye kioo.

"Leo umejazia?"

"Bado, mjomba," nikasema, nikaenda kuchukua maji.