Wati 75

Kompyuta tunayofanyia kazi yetu ya mwisho wa masomo hapa Lubumbashi ni Dell OptiPlex 7010, ile nyembamba ya ofisi, tuliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Ndani yake mna saa 40 za mazungumzo ya Kiswahili cha mjini, na wazee wawili kati ya wale tuliowarekodi wamekwisha kufariki. Tulitaka programu ya Whisper ituandikie rasimu ya maneno yao. Bila kadi ya grafiki, kazi hiyo huenda kwa mwendo wa kinyonga.

Muuzaji mmoja sokoni alitupa GTX 1060. Kadi hiyo hula hadi wati 120, na inadai fishi ya pini sita ambayo kisanduku chetu cha umeme hakina. Akatoa adapta ya kugeuza fishi ya diski, ile ya SATA, iwe ya pini sita. «Ona, ndugu yangu, inaingia!»

Kweli, inaingia. Lakini sisi wa isimu tunajua umbo linavyodanganya: andika «moto», na msomaji wa Kilingala anaweza kuona mtu. Fishi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ampea 1.5. Jumla ni ampea 4.5, yaani wati 54. Fishi ya pini sita inaruhusiwa kubeba 75. Kadi ikiomba kilicho chake, plastiki ya adapta huyeyuka, na pembeni yake ndipo ilipo diski yenye sauti za wazee. Tena kadi yenyewe ni ndefu kwa kimo. Muuzaji alishauri tuache kifuniko wazi!

Tukachukua GTX 1650 fupi isiyo na fishi. Inakula wati 75, kiasi kile ambacho mwanya wa PCIe unaweza kutoa. (Si kila mashine ndogo inakitoa chote; kijitabu chake kisomwe kwanza.) Kisanduku chetu ni cha wati 240. Prosesa, i5-3470, inahesabiwa 77. Zinabaki 88 kwa ubao mama, diski na feni, nazo zinatosha. Hata hivyo 240 si zote za volti 12: tazama ampea zilizoandikwa kwenye lebo, uzidishe kwa 12, ndiyo hesabu ya kweli.

Kabla ya kufungua tulinakili sauti zote kwenye diski mbili za nje. Tukachomoa waya, tukabonyeza kitufe ili umeme uliobaki uishe, tukagusa chuma cha kasha. Skrubu moja, basi.

Kadi ina gigabaiti 4; modeli ndogo ya Whisper inaomba kama 2. Mzee wa kwanza anasema «alikuya», mashine inaandika «alikuwa». Tunasahihisha.