Mikono Yangu na Migongo ya Watu

Wengi mmeniuliza ninasoma nini hasa huku Bournemouth, kusini mwa Uingereza, na shangazi yangu mmoja ameshatangaza mtaa mzima kuwa nimekuja kusomea uchuaji. Hakukosea sana. Kairopraktiki ni tiba ya mikono kwa maumivu ya mgongo, shingo na viungo. Aliyeianzisha ni D. D. Palmer, mwaka 1895, mji wa Davenport huko Marekani, naye alidai kuwa mgonjwa wake wa kwanza alirudi kusikia baada ya kusukumwa pingili ya mgongo. Sisi hatufundishwi kuahidi hayo. Kiuno kinachouma, naam, hapo tunalo la kusaidia. Na ule mlio mnaouona kwenye video si mfupa kuvunjika, ni gesi ndani ya ute wa kiungo.

Mwaka wa mwisho mwanafunzi huingia kliniki kuona wagonjwa wa kweli. Humgusi mtu hivi hivi tu. Umuhoji kwanza, umpime, utoke ukamweleze mwalimu ulichokiona na unachotaka kufanya, na akikubali ndipo urudi. Mgonjwa wangu wa kwanza, mzee aliyeezeka mapaa maisha yake yote, aliniuliza kama nitamaliza kabla hajafa.

Najua swali lenu. Ndiyo, mwanamme. Nilimpigia simu mama mdogo, ambaye ni mwalimu wa madrasa, akanikumbusha Rufaida al-Aslamiyya, aliyewatibu majeruhi hemani Madina zama za Mtume (s.a.w.). Akasema, “Tiba ni haja, mwanangu. Gusa penye haja tu, na nia yako isafishe.” Nikaingia mtandio umebanwa pini, mikono wazi hadi viwikoni kwa kuwa ndivyo usafi wa kliniki unavyotaka, na shuka la kumfunika mzee wa watu. Mambo yakaenda, alhamdulillah.

Kilichonitikisa kilikuja wiki ya sita. Alikuja dada wa Kiislamu, bi harusi wa miezi tu, na mumewe. Kila nilichouliza alijibu mume: kiuno, kisha maumivu yanashuka miguu yote miwili. Hakuwa mtu mbaya, maskini, hata mkoba wa mkewe alikuwa ameushika yeye. Nikamwomba atusubiri nje.

Kisha nikauliza yale maswali ambayo kila mwanafunzi hutamani kuyaruka: choo, mkojo, ganzi sehemu za siri. Akainamisha macho. Nikamwambia, “Dada, nawauliza wote, hata wazee wa kiume.” Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba tangu jana akistanji hajihisi, ni kama anaosha ngozi ya mtu mwingine. Na mkojo hautoki mpaka ajikamue. Hakumwambia mume, hakumwambia mamamkwe. Alidhani ni mambo ya ndoa mpya, akaona aibu.

Sikuuweka mkono mgongoni mwake. Nilimwita mwalimu, naye akapiga simu hospitali pale pale. Chini ya uti wa mgongo kuna fungu la mishipa ya fahamu inayotawala mkojo, choo na miguu. Kisahani cha mgongo kikitoka na kulibana, saa ni mali, maana mtu anaweza kubaki hivyo maisha yake yote. Alipasuliwa usiku ule.

Alirudi kututembelea akiwa na boksi la tende, anatembea pole pole. Ganzi imepungua, haijesha. Ameniridhia nisimulie, jina silitaji.

Tangu siku hiyo nawafikiria sana mabi harusi wetu wa Unguja na Pemba. Somo hutufunza singo, udi, namna ya kukaa na mume, na kuvumilia. Hatufunzi kumwambia daktari kuwa huku chini sihisi. Na wakati Bi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao! Basi somo zetu waongeze na hili, kabla ya hina kukauka.

Maumivu mengi ya kiuno hupoa yenyewe ukiendelea kutembea na kufanya kazi nyepesi, na bibi akikuchua taratibu kwa mafuta ya nazi sina ugomvi naye. Lakini ukipata ganzi pale unapokalia mbuzi ukikuna nazi, mkojo ukagoma au ukatoka bila wewe kujua, au miguu yote miwili ikalegea, nenda hospitali usiku huo huo. Si kwa mchuaji, na si kwangu.