Waya ghali hautii wimbo sukari

Wasomaji wangu, leo tuongee kuhusu waya. Najua si mada ya kusisimua, lakini mwezi huu watu wawili ninaowapenda nusura watoe pesa nyingi kwa ajili ya waya, nami nimeona heri niyaandike haya kabla mwingine hajaingia mkenge huo huo.

Wa kwanza ni rafiki yangu wa Kibera, upande wa Makina, anayefundisha watoto kucheza densi kila Jumamosi. Wa pili ni binamu yangu mwenye kinyozi Kawangware, karibu na stage ya 46. Wote wawili hucheza muziki wa mtandaoni, na wote walilalamika kwamba sauti ni mbaya. Tena wote, bila kujuana, waliambiwa na wauzaji mjini kwamba dawa ni "waya maalum wa mtandao wa muziki", mita tano, shilingi 4,500. Kwa binamu yangu hiyo inazidi kodi ya mwezi ya chumba anacholala.

Tulichambue dai lenyewe kwanza. Wimbo ukiwa kwenye waya wa mtandao si sauti bado. Ni namba tupu, sifuri na moja. Namba hizo hufungwa katika pakiti, na kila pakiti hubeba hesabu ya kujikagua. Ikifika imeharibika, hutupwa, na mtumaji huombwa aitume tena. Kazi hiyo ya kutuma upya hufanywa na itifaki kama TCP, ambayo maelezo yake yalichapishwa mwaka 1981. Kwa hiyo namba huwa zimefika sawasawa, au zimechelewa, au hazikufika kabisa. Hakuna namba iliyofika ikiwa "na besi zaidi".

Binamu yangu hakuniamini kwa maneno, na alikuwa na haki, pesa ni zake. Basi nilipakua faili moja ya wimbo mara mbili, kwanza kupitia waya wake wa bei rahisi, kisha kupitia waya mzuri niliokuja nao. Nikakokotoa SHA-256 ya kila faili. Hiyo ni kama alama ya kidole: biti moja tu ikibadilika, alama nzima hubadilika. Herufi na tarakimu zote 64 zilifanana. Akazisoma moja moja kwa kidole, kisha akauliza, "Sasa huu mvumo unatoka wapi?"

Hilo ndilo swali la maana. Spika zake zilikuwa zikivuma chini kwa chini, mmm, hata wimbo ukiwa umesimama. Nikachomoa waya wa mtandao kabisa. Mvumo ukabaki. Nikachomoa waya wa sauti unaotoka kwenye kompyuta kwenda kwenye amplifaya. Mvumo ukakoma papo hapo.

Hapo mambo yakawa wazi. Kompyuta ilikuwa imechomekwa soketi ya ukuta mmoja, amplifaya soketi ya ukuta wa pili. Kila moja ilikuwa na njia yake ya kufika ardhini, na waya wa sauti ukaziunganisha hizo njia mbili zikawa duara. Stima yetu ni volti 240 na hupigapiga mara 50 kwa sekunde, na duara kama hilo huiokota midundo hiyo na kuipeleka kwenye spika. Tulichomeka vyombo vyote viwili kwenye ekstensheni moja na kuusogeza waya wa sauti mbali na nyaya za stima. Mvumo ukapungua hadi mashine ya kunyoa ikaufunika. Gharama: sifuri.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Kuna mafundi watakaokushauri ukate pini ya ardhi kwenye plagi ili mvumo uishe. Kweli utaisha. Lakini siku chombo kikipata hitilafu, stima haitakuwa na njia ya kutorokea isipokuwa mwili wa atakayekigusa. Usikate.

Na ule waya wa 4,500? Ulikuwa wa aina iliyovikwa ganda la chuma ndani. Waya wa kawaida wa mtandao hautengenezi duara hilo, kwa sababu kwenye kila mwisho kuna transfoma ndogo zinazotenganisha umeme wa pande mbili. Ganda la chuma likishikishwa kwenye vyombo vyote viwili huweza kuirudisha njia hiyo. Yaani angeweza kulipa pesa nyingi na kujinunulia mvumo wa pili.

Makina shida ilikuwa tofauti. Pale sauti ilikuwa safi, ila ilikatika, watoto wakabaki na mguu mmoja hewani. Wakati mwingine wimbo haukukatika bali ulififia, kwa sababu programu nyingi za muziki hushusha ubora zenyewe mtandao ukiyumba. Huko ndiko waya mbovu unakogusa sauti kweli.

Nilituma pakiti 1,000 kutoka kompyuta yake hadi kwenye ruta, na 60 zikapotea. Muziki wenyewe hauhitaji mengi: wimbo wa ubora wa juu wa kawaida ni kilobiti 320 kwa sekunde, na hata ubora kamili wa CD ni takriban 1,411. Tukaufuata waya. Ulipita juu ya mabati sambamba na nyaya za stima, ganda limepasuka kwa jua, na katikati umeungwa kwa kusokotwa mkono na kufungwa selotepu. Ndani ulikuwa alumini iliyopakwa shaba.

Waifai nayo haikuwa mkombozi. Mabati huzuia mawimbi, na kwenye masafa ya gigahezi 2.4 kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, za kugawana na majirani wote.

Tulinunua Cat5e ya shaba tupu yenye ganda jeusi la nje, mita 40, kipande kimoja bila kiungo. Kikomo ni mita 100, kwa hiyo tulikuwa salama. Tuliupitisha mbali na stima. Tulipobana vichwa hatukuzifungua jozi zaidi ya milimita 13, maana kule kusokotwa ndiko kunakofukuza kelele, ujanja ambao Alexander Graham Bell aliuwekea hataza mwaka 1881. Jaribio la pakiti 1,000: zote zilifika. Gharama haikufika nusu ya 4,500.

Basi kabla hujafungua pochi, sikiliza kwanza. Sauti ikivuma, chunguza stima na waya wa sauti. Ikikatika au kufifia, pima pakiti na ufuate waya kwa macho hadi mwisho. Mara nyingi wimbo huo umeshapita maelfu ya kilomita chini ya bahari, kwenye mikonga kama TEAMS iliyofika Mombasa mwaka 2009. Mita tano za mwisho haziwezi kuutia sukari. Zinaweza tu kuumwaga njiani.

Haya, ni hayo kwa leo. Tukijaliwa, wakati mwingine tutaongea kuhusu spika zenyewe.