Meza ya Mlangoni

Ukiishi Njombe unachukua dawa Makambako. Ukiishi Makambako unachukua Njombe. Hakuna tangazo lililobandikwa popote kusema hivyo, lakini wengi wetu tunaotumia dawa za kufubaza VVU tunajua. Asubuhi kosta zinazotoka Njombe zinapishana njiani na zile zinazotoka Makambako, na sina shaka kwamba ndani ya kila moja kuna mtu au wawili wenye kadi ya kliniki chini kabisa ya mkoba, walioaga nyumbani kwamba wanakwenda kuulizia bei ya viazi.

Makambako inafaa kwa jambo hilo. Ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inapita hapo, barabara ya Njombe na Songea inaanzia hapo, na reli ya TAZARA ina stesheni hapo. Mchana na usiku kuna madereva wa malori, wachuuzi na abiria wanaobadilisha magari. Hakuna anayemshangaa mgeni. Kutoka Njombe mjini ni kilomita kama 60. Ukiondoka asubuhi, alasiri umesharudi. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, kwa hiyo sihitaji hata kutunga uongo. Kila nikienda narudi na uzi, zipu na vitambaa.

Mkoa wetu unajulikana nchi nzima kwa baridi na kwa hili. Utafiti wa kitaifa wa 2011–2012 ulikuta maambukizi ya asilimia 14.8 mkoani Njombe. Ule wa 2016–2017 ulikuta asilimia 11.4. Ule wa 2022–2023 ulikuta asilimia 12.7, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Ni karibu mtu mzima mmoja katika kila wanane. Ungedhani kwamba mahali ambapo jambo ni la wengi kiasi hicho, aibu ingekuwa imekwisha. Kliniki imepungua sana. Dukani, kanisani na kwenye kosta bado ipo, ndiyo maana tunapishana barabarani.

Mimi nimetumia dawa tangu 2009. Zamani zilikuwa vidonge vingi na safari za kila mwezi. Siku hizi ni kidonge kimoja kwa siku, na mtu ambaye hali yake ni tulivu anaweza kupewa dawa za miezi sita kwa mara moja. Vipimo vyangu vinaonyesha virusi havionekani kwenye damu, na maana yake ni kwamba simwambukizi mtu. Nasema haya ili msomaji ajue kwamba mwezi Juni 2024, nilipoingia kwenye duka moja la Makambako nikitokea kliniki, sikuwa mgonjwa wala mnyonge. Nilikuwa mteja mwenye haraka, nataka sukari, mafuta ya kula na sabuni ya mche.

Duka lenyewe ni la kujichagulia, lile ambalo watu huliita supamaketi hata kama lina safu nne tu za bidhaa. Mlangoni pana meza. Ukimaliza kulipa, binti aliyekaa hapo anakagua risiti yako, na kama una mkoba anaukagua pia. Binti wa siku hiyo alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi. Aliniamkia vizuri, "Shikamoo mama," kisha akaniomba mkoba. Nilimwambia ndani kuna vitu vyangu binafsi, nina risiti ya nilichonunua. Akasema ndio utaratibu. Nyuma yangu palikuwa na watu sita au saba. Akaumimina mkoba mezani.

Yalitoka zipu, vibunda vya uzi, leso, simu, na makopo mawili meupe, kila moja la vidonge 90. Nyumbani huwa najaza pamba ndani ya kopo ili vidonge visigonge, lakini haya ndiyo kwanza yalikuwa yametoka dirisha la dawa. Akalinyanyua moja. Mwenzake aliyekuwa kwenye mashine ya risiti akauliza, "Hiyo ya kwetu?" Naye akalitikisa. Nadhani alitaka tu kujua kama kuna kitu ndani. Ila mlio ule kwetu haumpotei mtu. Akasoma kibandiko, akasema kwa sauti ile ile aliyokuwa akijibu nayo, "Hapana, ni zile dawa." Akalirudisha kopo mezani kwa vidole viwili, kisha akafuta mikono kwenye koti lake la kazi.

Nilikusanya vitu vyangu nikatoka. Mzee aliyekuwa nyuma yangu alikuwa amesogea nyuma hatua moja.

Kuna mambo mawili hapo, na ilinichukua muda kuyatenganisha. La kwanza ni meza: utaratibu wa kumwaga mkoba wa mtu mbele ya watu. La pili ni ile mikono aliyofuta. Njia nzima ya kurudi Njombe nilidhani ni jambo moja, nikawa napanga maneno ya kumwambia mwenye duka, na kila nikiyapanga yanagoma. Kwa sababu mwenye duka angeuliza swali la kwanza ambalo mtu yeyote angeuliza: "Kwani ulikuwa umebeba nini, mama?"

Huo ndio ugumu wa kulalamikia aibu. Mtu aliyeuziwa sukari iliyopungua anabeba sukari yake akaipime upya mbele ya muuzaji. Aliyeaibishwa ushahidi wake ni aibu yenyewe, na inabidi aieleze upya kwa mdomo wake, mbele ya mtu ambaye huenda hata hakujua. Siku ile waliojua walikuwa wanane au tisa. Nikilalamika nitaongeza mwenye duka, karani wake, na yeyote watakayemsimulia jioni. Nimesafiri kilomita 60 miaka yote hiyo ili watu wasijue. Je, nisafiri tena kwenda kuwaambia?

Jambo jingine lilikuwa binti mwenyewe. Mwanangu wa kwanza anauza duka la vipodozi Kariakoo. Mabinti wa kwetu ndio hao wanaokwenda Dar es Salaam kuuza maduka ya watu na kulea watoto wa watu, kwa hiyo najua kidogo maisha ya nyuma ya kaunta. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha sekta ya biashara kuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Mwanangu aliwahi kukatwa mshahara kwa bidhaa iliyopotea zamu yake. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamlinda mfanyakazi asiachishwe bila sababu halali na utaratibu wa haki, lakini kinga hiyo haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Sikujua binti yule ana miezi mingapi. Nilijua tu kwamba neno langu moja lingeweza kumrudisha kijijini kwao.

Dada yangu hakutaka kusikia habari hiyo. "Kwa hiyo wewe udhalilike kwa sababu yeye ni maskini? Na wewe je, tajiri?" Alikuwa na hoja. Sheria ipo: Sheria ya UKIMWI ya 2008 inakataza unyanyapaa na ubaguzi dhidi ya mtu anayeishi na VVU. Dada alitaka twende polisi. Nilimuuliza ni nani kati ya wale waliokuwa kwenye foleni atakayekuja kuwa shahidi wangu, naye akanyamaza, halafu akasema, "Basi angalau mwenye duka."

Nilipeleka shauri kwenye kikundi chetu. Tuko wanawake kumi na wawili, tunakutana Jumamosi, tunaweka akiba na kukopeshana, na wote tunatumia dawa. Hapo angalau sikuhitaji kueleza makopo yalikuwa ya nini. Mmoja akasema mteja ni mfalme, nenda kawatolee uvivu. Mwingine akasema mwachie Mungu, ukiwaamsha waliolala utalala wewe macho. Wa tatu akasema suluhisho ni kununua vitu kwanza na kwenda kliniki baadaye, na wengine wakaitikia kwa vichwa, kwa sababu ndivyo tunavyoishi: kila mtu anatafuta namna ya kujipunguza ili apite.

Aliyenisaidia ni bibi mmoja, mkubwa wetu kwa umri. Hakunipa ushauri. Aliuliza, "Unataka kitokee nini?"

Sikuwa nimejiuliza. Nilikuwa nauliza kama nilalamike au nisilalamike, kana kwamba kulalamika ni kitu kimoja. Nilipoanza kumjibu nikaona mengi nisiyoyataka. Sitaki binti afukuzwe. Sitaki fidia. Sitaki kuombwa radhi mbele ya watu, maana hiyo ni kumwagwa mezani mara ya pili. Ninachotaka ni mkoba wa mtu usimwagwe mbele ya foleni, na binti yule aambiwe kuhusu mikono. La kwanza ni la mwenye duka. La pili si lake hata kidogo; ni langu na binti.

Kumbe hata lile swali la "ulikuwa umebeba nini" lilikuwa na jibu. Kama ninalalamikia meza, nilichobeba hakimhusu mtu. Mkoba wa mwanamke unaweza kuwa na pedi, barua ya mahakama, nguo za ndani, vipimo vya mimba, pesa za kikundi. Meza ni mbaya kwa wote hao.

Desemba, siku yangu ya kliniki, nilikwenda dukani kabla ya kuchukua dawa. Mwenye duka ni mwanamume wa rika langu. Tuliamkiana, "Kamwene," tukaulizana habari za mvua, kisha nikamweleza: mnamwaga mikoba ya wateja mbele ya watu, wateja hawapendi, na mimi ni mmoja wao. Akauliza ilikuwa lini, zamu ya nani. Nikasema sikuja kwa ajili ya mtu, nimekuja kwa ajili ya meza. Akasema wizi umezidi. Nikamwambia naamini, mimi pia nina duka la cherehani na najua vitambaa vinavyotembea. Nikamshauri mikoba ipokelewe mtu anapoingia, apewe kibao cha namba, aichukue akitoka. Akasema itahitaji mtu wa ziada. Nikasema binti yule yule anatosha, badala ya kukaa upande wa kutokea akae upande wa kuingilia. Akacheka, akaniuliza kama natafuta kazi. Hakuuliza nilikuwa nimebeba nini. Akataka kunipa chupa ya mafuta ya kula. Nikashukuru, nikaiacha, kwa sababu nikiichukua jambo lingekuwa limeisha.

Binti nilimkuta nje, amekwenda kununua chapati. Alinitambua kabla sijasema, akainamisha macho. Nilimwambia, "Mwanangu, dawa haziambukizi. Kopo haliambukizi. Hata mimi, kwa vipimo vyangu, simwambukizi mtu. Ulipofuta mikono uliniumiza." Nilitegemea aseme samahani, naye alisema, lakini kwanza alisema kitu kingine. "Mama, wote walikuwa wananiangalia mimi."

Nimelifikiria sana jibu hilo. Sikulipenda siku ile. Lilionekana kama kujitetea. Lakini ni kweli walikuwa wanamwangalia. Alikuwa amekalishwa hapo ashike mikoba ya watu wazima wanaomzidi umri, aonekane mkali ili bosi aridhike na mpole ili mteja asichukie, na mikononi mwake kikatokea kitu ambacho kila mtu mkoani anakijua na hakuna anayekitaja. Hiyo haifuti alichofanya. Ila inanionyesha kwa nini kumfukuza kusingebadilisha chochote. Meza ingempata mwingine.

Mwezi Juni uliofuata nilipita tena. Meza ilikuwa bado upande wa kutokea. Ukutani palikuwa na mbao zenye vijisanduku na vibao vya namba, vitano au sita, na nusu ya wateja walikuwa wanavitumia. Nusu nyingine walikuwa wanafunguliwa mikoba kama zamani, ingawa sikuona wa kumwagiwa. Binti hakuwepo. Niliuliza nikaambiwa amehamishiwa stoo, na sikuweza kujua kama ni kupanda au kushuka.

Kwa hiyo sina ushindi wa kutangaza. Anayeniuliza kama inafaa kulalamika namrudishia swali la bibi yule: unataka kitokee nini, na nani mwenye uwezo wa kukitokeza? Ukishajua, utaona mara nyingi huhitaji kusimulia aibu yako yote ili udai haki yako. Sema kipande kinachomhusu unayemwambia. Kingine kipeleke kwingine.

Kwangu mimi hicho kingine kilifika kikundini. Jumamosi niliyowasimulia habari za mwenye duka na za binti, yule aliyesema tumwachie Mungu alikaa kimya muda mrefu. Kisha akatusimulia kilichompata kwenye kosta mwaka 2015, kopo lilipodondoka na konda akalipitisha kwa abiria kuulizia la nani. Alilikana. Alikaa siku nne bila dawa hadi aliporudi kliniki kuomba nyingine. Tumekuwa naye kikundini miaka saba na hakuwahi kusema. Baada yake akaongea mwingine, na mwingine tena, na siku hiyo hatukuhesabu akiba mpaka jua lilipozama.