Injini Iliyobadilishwa Miguu

Sifa ya chombo haitoki katika rangi yake wala katika maneno ya mwuzaji; hutoka katika kupimwa kwake. Neno hili nilifundishwa Njoro na jirani yangu mmoja, mzee aliyekuwa fundi wa injini za reli kwa miaka mingi.

Mwaka 2014 nilisoma gazetini kwamba Rift Valley Railways, kampuni iliyokuwa ikiendesha reli za Kenya na Uganda wakati ule, imeanza kupokea injini za dizeli kutoka Marekani. Zilikuwa injini za General Electric, aina ya B23-7, zilizokwisha kufanya kazi huko, kisha zikatengenezwa upya kwa ajili ya reli yetu. Nilimpelekea mzee gazeti kwa furaha.

"Tazama, Mzee, zinang'aa kama mpya."

Aliitazama picha kwa kitambo, akasema, "Rangi nimeiona, mwanangu. Je, nani amepima magurudumu?"

Nilidhani ana inda ya wazee. Alinikalisha akanieleza. Reli za Marekani huachana kwa milimita 1,435. Reli yetu ya zamani, iliyopita Njoro na kufika Kisumu mwaka 1901, ina upana wa milimita 1,000. Injini ya huko haiwezi kukanyaga reli ya huku mpaka ibadilishwe miguu. Na abadilishaye miguu amebadilisha mengi: mwili mzito husimama juu ya nyayo zilizokaribiana, na uzito wa juu ukizidi kiasi, injini huyumba katika kona. Basi ushahidi wa miaka yake ya kazi ugenini hautoshi. Hapana budi ipimwe tena kama mgeni.

Mkaguzi mwaminifu hupima uzito unaobebwa na kila ekseli, kwa kuwa reli na madaraja vina kiasi chao cha kustahimili. Hupima nafasi baina ya magurudumu na unene wa kingo zake. Hupima kimo na upana wa injini, isije ikakwaruza daraja au ukuta wa stesheni. Huijaribu kwanza peke yake, halafu ikivuta mabehewa yenye mzigo, katika mlima na katika kona. Lakini mzee alikawia zaidi juu ya breki.

Alinyosha mkono kuelekea Mau. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, Njoro kama mita 2,170, na reli huvuka Mau juu ya mita 2,500. Gari linaloteremka kutoka huko halihitaji kuvutwa. Husukumwa na uzito wake lenyewe. Injini ya dizeli yaweza kugeuza mota zake ziwe za kuzuia mwendo, lakini nguvu hiyo hufifia mwendo unapopungua. Tegemeo la mwisho ni breki ya hewa. Hiyo imebuniwa kwa busara: hewa ikipungua katika bomba, breki hushika, hata mpira ukikatika gari husimama badala ya kukimbia. Busara hiyo hubatilika pale tu ambapo mtu ameacha kuikagua.

Kisha alinikumbusha Igandu, katika Mkoa wa Dodoma. Tarehe 24 Juni 2002 gari la abiria lilirudi nyuma mteremkoni bila kuzuilika, likagongana na gari la mizigo. Watu 281 walikufa.

"Kazi ngumu ya mkaguzi si kupima," alisema. "Kazi ngumu ni kusema hapana, wakati mzigo unangoja, wakubwa wana haraka, na kila mtu amekwisha kufurahi."

Nilikunja gazeti langu kwa haya, maana nami nilikuwa miongoni mwa hao waliokwisha kufurahi.

Desemba 2021 gari la abiria lilirudi tena katika njia ya Kisumu. Nilisimama Njoro nikaliona likipita, watoto wakipunga mikono madirishani. Hawakumjua mtu aliyeinama chini ya injini yao kwa taa na kipimo, wala haikuwapasa kumjua. Usalama wao ulikuwa katika saini yake. Nawe msomaji, siku utakapopewa kalamu ya kuidhinisha kazi yoyote, kumbuka kwamba saini yako itabeba watu usiowajua. Usiitie kwa sababu ya rangi.