Chumba Kisichozimwa Taa

Fundi wa taa wa jukwaani hupimwa kwa giza. Likiingia kabla neno la mwisho halijasikika, mwigizaji amekatwa kauli. Likichelewa, watazamaji wanamwona maiti akiinuka na kujifuta jasho. Kazi hii ndiyo iliyonilisha tangu ujanani, na katika michezo yote niliyoiwashia taa ni mmoja tu ambao haukunidai giza hata mara moja. Ni Huis Clos wa Jean-Paul Sartre, mchezo wa watu watatu waliokufa, wakafungiwa katika chumba ambacho taa yake haina swichi. Nimeufanyia kazi jukwaani, nikaufanyia tena ulipopelekwa kwenye televisheni, na sasa, uzeeni, nimeurudia. Hakuna kazi niliyoipenda zaidi.

Nilikutana nao nikiwa mwanafunzi Bujumbura. Kwetu ni Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ambako asubuhi tulikwenda shule ya Kifaransa na alasiri tukaenda madrasa. Mwalimu wa fasihi alikuwa na nakala chache, kwa hiyo tulisoma watatu watatu, vichwa vimegusana. Jehanamu niliyofundishwa madrasa ilikuwa ya moto, minyororo na malaika wakali. Hii ya Sartre ilikuwa na makochi matatu, sanamu ya shaba, kengele inayolia ikipenda, na kisu cha kukatia kurasa za kitabu ilhali kitabu hakuna. Garcin, mwandishi wa habari, anaingia akitafuta vyombo vya mateso, na mara anataka kujua kwa nini amenyang'anywa mswaki. Darasa zima tuliangua kicheko. Mwalimu akatuacha tucheke mpaka tukachoka, kisha akauliza mtu aliyekufa anautakia nini mswaki. Hakuna aliyejibu. Swali hilo sijaliacha tangu siku ile.

Mwaka 1972, mauaji yalipoenea Burundi, familia yetu ilivuka ziwa hadi Kigoma. Katika wale tuliogusana vichwa juu ya nakala moja, wako ambao sikuwaona tena. Nayaandika haya ili ieleweke kwamba mchezo wa wafu haujawahi kuwa kwangu mchezo wa mbali.

Dar es Salaam nilianza kwa kubeba waya. Aliyenifundisha kazi alikuwa fundi wa umeme wa majumbani, mzee mtaratibu, aliyejitolea kuwawashia vijana wa maigizo. Taa tulizitengeneza kwa makopo ya mafuta ya kula. Kuzipunguza mwanga kulihitaji chombo ghali ambacho hatukuwa nacho, basi tukatumia maji ya chumvi: ndoo, vipande viwili vya bati, kimoja kimelala chini, cha pili kinaning'inia kwenye kamba. Ukikishusha kuelekea mwenzake, umeme unapita zaidi majini na taa inang'aa. Ukikipandisha, mwanga unafifia. Maji yalichemka, mvuke ukapanda, na mzee alinikataza kushika kitu kwa mikono miwili. "Mkono mmoja mfukoni, mwanangu," alikuwa akisema, "umeme usipate njia ya kupita moyoni." Kwa ndoo hizo tulipata machweo mazuri kuliko mengi ninayoyaona leo kwenye mitambo ya kompyuta.

Tulipoamua kuucheza mchezo wa Sartre, tafsiri niliifanya mwenyewe, na mwongozaji wetu, dada aliyesomea Sanaa za Maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akainyoosha ili isemeke. Walikuwapo waliotuonya kwamba watu wetu hawataipokea ahera isiyo na moto. Mimi sikuwa na hofu hiyo. Farouk Topan alikwisha kuchapisha Aliyeonja Pepo mwaka 1973, mchezo wa mvuvi anayefikishwa mbinguni kwa makosa ya watumishi wa huko, na wasomaji wa Kiswahili walikuwa wamecheka bila imani yao kutikisika. Mswahili anajua kucheka msibani. Nani hajakaa chini ya turubai la matanga akasikiliza watani wakimwigiza marehemu, namna alivyotembea, namna alivyokopa na kukimbia madeni, huku wajane wakilia na kucheka kwa pumzi moja? Hadhira ya namna hiyo haihitaji kufundishwa mchezo huu.

Shida ilikuwa yangu mimi wa taa. Kazi ya taa jukwaani ni kumwambia mtazamaji pa kutazama: unamwangaza huyu, unamfifiza yule. Hapa kila nilipofanya hivyo mchezo ulilegea. Ilinichukua muda kutambua kwamba adhabu yenyewe ni kuonekana. Wale watatu hawana kivuli cha kujificha, hawana kioo cha kujitazama, hawana hata kope za kufumba. Mhudumu anayewaingiza hapepesi macho, na Garcin anagundua kwamba naye hatapepesa tena milele. Mwanga ukimpumzisha mmoja wao kwa kivuli, umemtoa jehanamu kwa dakika hizo. Nikaziweka ndoo kando. Nikatundika taa zote juu, sawasawa, kali, bila rangi, nikaziwasha kabla watazamaji hawajaingia na nikaziacha zikiwaka mpaka wa mwisho alipotoka.

Sartre alikuwa na sababu ya kuujenga hivyo. Aliuandika kwa ajili ya waigizaji marafiki zake na hakutaka yeyote apunjwe, kwa hiyo akawaweka wote watatu jukwaani pamoja, asiwepo wa kutoka kabla ya mwenzake. Albert Camus ndiye aliyekuwa auongoze na kumcheza Garcin, lakini mazoezi yakavunjika baada ya mwigizaji mmoja kukamatwa. Hatimaye ulionyeshwa kwenye ukumbi wa Vieux-Colombier, Paris, mwezi Mei 1944, jiji likiwa bado mikononi mwa Wajerumani, umeme ukiwa wa mgao. Kila nikifikiria taa isiyozimika ikiwaka mbele ya watu waliotoka kwenye mitaa ya giza, naona jinsi ilivyowakaa wale watazamaji wa kwanza.

Bagamoyo ndiko tulikopata onyesho letu bora. Karibu na mwisho Garcin anaugonga mlango kwa ngumi akitaka kutolewa, na mlango unafunguka ghafla. Hakuna anayetoka. Wanasimama, wanatazamana, kila mmoja ana sababu ya kubaki. Bibi mmoja wa mstari wa mbele alinyanyuka na kanga yake akapaza sauti: "Wanangu, mlango uko wazi! Tokeni!" Ukumbi mzima ukamfuata, tokeni, tokeni, wengine wakicheka, wengine wamekasirika kwelikweli. Waigizaji wakavumilia. Kelele zikapungua zenyewe, na pale zilipokwisha niliwaona watu wakitazama ule mlango kama walivyoutazama wale watatu. Hakuna taa ya fundi yeyote ingeweza kuifanya kazi aliyoifanya bibi yule.

Televisheni ilipokuja Bara ilitukuta tumekwisha kuwa watu wazima. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya sabini. Sisi tulingoja hadi 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Vilihitaji vitu vya kuonyesha kwa Kiswahili, na michezo ya jukwaani ilikuwa tayari. Kituo kimoja kilituita. Tulipewa studio ndogo, kamera tatu, na ratiba iliyofuata mgao wa umeme, maana maji yalipopungua kwenye bwawa la Mtera jiji zima lilipangiwa zamu za giza. Kiyoyozi kilizimwa kwa sababu kilivuma kwenye maikrofoni. "Kaka, poda haikai usoni," aliniambia dada aliyemcheza Estelle, mmoja wa wale wafu watatu, na kweli ilikuwa ikitiririka shingoni. Niliteremsha ukali wa taa na kuziongeza idadi, mwanga ukabaki uleule na joto likasambaa badala ya kumwangukia mtu mmoja.

Kilichotusumbua zaidi ni kope. Ukumbini mwigizaji akipepesa macho hakuna anayeona. Kwenye picha ya karibu, uso umejaa kioo kizima, kope zikishuka mara moja tu nchi nzima imeona kwamba huyu mtu yuko hai. Waigizaji wetu walijifunza kuitazama ile taa ndogo nyekundu ya kamera kwa pembe ya jicho: ikizimika, maana yake picha imehamia kamera nyingine, wanapepesa haraka haraka na kupumzisha macho. Wakawa hodari. Mtu wa mitambo akafurahi, akawa anakata kutoka uso hadi uso, na kila uso ulikuwa na macho makavu ya kutisha.

Mimi sikufurahi, na nilisema. Kila picha inapokatwa, mtazamaji aliyeko nyumbani anapumzishwa. Anamwacha Inès, yule mfu wa tatu, anampata Garcin, kisha anamwacha Garcin. Ni yeye sasa anayepepesa kwa niaba ya wafu, na wafu wale hawakupaswa kupepesewa na yeyote. Tena kuna jambo la kicheko. Chukua pale Estelle anapotaka kupaka rangi ya mdomo na hana kioo. Inès, mwanamke aliyekuwa mfanyakazi wa posta, anajitolea kuwa kioo chake, anamsifu, anamwelekeza, kisha anamdanganya kwamba ana doa jekundu shavuni. Maneno yanatoka kwa Inès lakini kicheko kiko usoni mwa Estelle anayesikiliza, na nusu nyingine iko nyuma yao, kwa Garcin aliyejiinamia akijitia hayupo. Ukumbini unawaona wote watatu. Kituoni walikuwa na kawaida moja: anayesema ndiye anayeonyeshwa.

"Dada," nilimwambia mwongozaji wetu, "tukimfuata msemaji, huu utakuwa mchezo wa watu watatu wanaohutubia kwa zamu." Yeye aliogopa kwamba picha pana kwenye televisheni za inchi 14, ambazo ndizo zilizokuwa sebuleni mwa watu wengi, ingewafanya waigizaji kuwa sisimizi. Alikuwa na haki ya kuogopa. Tukakubaliana njia ya kati ambayo bado naiona ni ugunduzi wetu wa thamani: picha ndefu isiyokatwa, uso mmoja karibu sana na kamera, wa pili nyuma yake begani, wa tatu mbali kochini, na wote wanaonekana sawasawa. Hilo lilihitaji mwanga mwingi ili kamera iwashike wa karibu na wa mbali kwa pamoja. Nilitundika kila balbu iliyokuwamo kwenye jengo lile.

Miaka mingi baadaye niliiona kazi ya BBC ya tarehe 4 Novemba 1964, iliyoongozwa na Philip Saville, Harold Pinter akiwa Garcin na Jane Arden akiwa Inès. Ilinigusa sana kuona Waingereza wale, miongo mitatu kabla sijakanyaga studio yoyote, wakipambana na uso, sikio na jicho lisilofumba. Wao walikuwa na nyeusi na nyeupe tu. Estelle anapolikataa kochi kwa sababu rangi yake haiendi na gauni lake, mtazamaji wa London ilimbidi alipake kochi rangi mwenyewe kichwani. Nadhani inachekesha zaidi hivyo.

Nililopigania hadi mwisho ni ule mwisho wenyewe. Estelle anamchoma Inès kisu, na Inès anacheka, kwa sababu aliyekufa hachinjiki. Wote watatu wanacheka, kicheko kirefu, kisha kinawakauka wanapotazamana na kuelewa kwamba itakuwa hivi daima. Kituo kilikuwa na utaratibu wa kufifisha picha hadi giza kabla ya kuorodhesha majina. Niliwaambia kwamba mchezo huu hauna giza, na wakinipa giza pale wamewasamehe watu watatu ambao mwandishi hakuwasamehe. Mhariri, kijana msikivu, aliyaandika majina juu ya nyuso zile zile zinazowaka, hadi kanda ikaishia hapo hapo. Siku iliyofuata, pale Kariakoo, muuza kahawa aliniuliza kama mitambo ilikwama. Nikakaa, nikanywa kahawa mbili, nikamweleza mchezo mzima.

Kanda ile haipo. Kanda zilikuwa ghali na zilirekodiwa juu ya nyingine. Nimebaki na daftari la tafsiri, lenye michoro ya taa pembezoni, na ndilo wanalolitumia sasa vijana walionifuata ili tuurekodi upya kwa simu na taa za LED zisizochoma mtu. Poda inakaa. Kope bado ni vita. Binti anayemcheza Inès anataka turekodi kila uso peke yake na kompyuta ifute kupepesa kote. Mimi nataka simu moja, mahali pamoja, isisogezwe, na wote watatu ndani ya picha tangu mlango unapofungwa. "Babu, watu watachoka," ananiambia. Nimemwambia wachoke. Alhamisi tutajaribu njia zote mbili, yake kwanza, na wenzake ndio watakaoamua.